Sura ya Sita: Bahasha ya Wasiokuwepo

Shimo la mjomba lilikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Kulikuwa na viatu visivyo na wenzake, chupa, gurudumu la baiskeli, na godoro lililooza hadi likalainika kama uji. Vibarua wawili walichimba tangu asubuhi, na ilipofika saa tano sururu zikagonga mwamba. Mpelelezi aliinama ukingoni, akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akasema kimoyomoyo, "Ahsante, Mola." Siku tatu mfululizo alikuwa ameomba asimkute humo.

Kazini walimwita Kobe. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma.

Mjomba alikuwa ameketi kizingitini kwake, akichokonoa meno kwa kijiti.

"Umeridhika sasa, mkubwa? Majirani waliniona nafukia shimo la taka, wakasema nimemfukia mtoto wa dada yangu. Shimo likijaa si hufukiwa?"

"Hufukiwa," Kobe alikubali. "Lakini hili ulilifukia mwezi uleule mtoto alipotoweka."

"Hajatoweka. Yuko kwa shangazi yake. Niseme mara ngapi?"

"Shangazi yake anasema yuko kwako."

"Basi kachimbe na kwake."

Mmoja wa vibarua alicheka, akamwona Kobe, akajifanya anakohoa.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Binti alikuwa yatima wa pande zote mbili, umri wake miaka kumi na miwili. Baada ya matanga ndugu walikaa wakakubaliana: miezi mitatu alelewe na mjomba, kaka wa mama yake, miezi mitatu alelewe na shangazi, dada wa baba yake. Nyumba hizo mbili zilikuwa barabara moja, huku na huku, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Siku tisa zilizopita, mwalimu mkuu wa shule yake alifika kituoni na orodha ya watahiniwa. Jina la binti lilikuwamo, mwenyewe hayupo shuleni. Mwalimu alidhani amehamishwa, kwa hiyo alinyamaza. Alinyamaza miezi kumi na minne.

Mkuu wa kituo alimpa Kobe hadi Ijumaa. "Ukikosa," alisema, "tutaandika 'amehamia kwa ndugu', tulifunge jalada. Hatuwezi kuchimba mji mzima." Leo ilikuwa Jumatano.

Kobe alipoinuka kuondoka, jicho lake likanasa juu ya fremu ya mlango. Palikuwa na namba iliyopakwa kwa rangi nyeupe: 117. Akakumbuka kwamba mlango wa shangazi nao ulikuwa na namba ya rangi hiyohiyo. Alifungua daftari lake. Alikuwa ameiandika: 52.

"Namba hii ni ya nini?"

"Ya yule mama wa ustawi wa jamii," mjomba alisema. "Kila baada ya miezi mitatu anakuja kutuhesabia vijiko. Ati utafiti. Anauliza mmelala wangapi, mmekula nini, mna redio. Tangu aanze kuuliza, redio haijaongezeka."

*

Ripoti za hali ya familia ziliandikwa na ofisi ya ustawi, lakini ziliishia chuoni, orofa ya pili, katika chumba chenye makabati ya chuma na feni iliyozunguka kwa kinyongo. Mtafiti alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Wanafunzi walimwita Takwimu, naye alilijua jina hilo wala halikumuudhi.

"Karibu, afande. Kaa. Hapana, si hapo, hapo pana familia mia mbili." Alihamisha rundo la mafaili. "Haya. Umepotelewa na nini?"

"Mtoto. Nataka kujua nyumba 52 na nyumba 117 zinasemaje."

"Majina siwezi kukupa. Sina, yanatunzwa ustawi, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Watu hawa walitufungulia milango kwa ahadi."

"Majina ninayo, dada. Mtoto ndiye sina."

Takwimu alimtazama, kisha akavuta kiti. Alieleza kama mtu aliyezoea kueleza kwa wasiojua. Familia mia nne na kumi na mbili, miaka mitatu, ziara moja kila baada ya miezi mitatu. Wangapi walilala humu usiku wa jana. Nani ni nani kwa nani. Vitanda, magodoro, masanduku, sufuria.

"Na zinasaidia nini, ripoti zote hizi?"

"Ripoti moja peke yake ni umbea, afande. Jirani yako angekusimulia hayo bure. Ukiweka mia nne pamoja, ukaziangalia miaka mitatu, ndipo unaona jambo ambalo nyumba yenyewe hailijui. Kwa nini watoto wa mtaa huu wanaacha shule mwezi uleule. Kwa nini ndugu wengine wanaweza kulea na wengine wanashindwa. Kutoka hapo unaweza kumwambia mkubwa fulani: jenga hapa, saidia pale."

Alifungua majedwali. Nyumba 52: watoto wawili, wote wa kuzaliwa humo. Nyumba 117: watoto wanne, wote wa kuzaliwa humo.

"Na mpwa?"

"Hayumo."

"Mwaka mzima hayumo huku wala kule. Hukushtuka?"

Takwimu alivua miwani. "Zamani tulikuwa tunahesabu watoto wanaolelewa na ndugu mara mbili. Huku wanasema ni wetu, kule wanasema ni wetu. Tukapata watoto wengi kuliko walio hai. Basi tukaweka sheria: mtoto anahesabiwa alipolala usiku wa jana, basi. Asiyekuwepo anaandikiwa kikaratasi kusema yuko wapi, na kikaratasi kinawekwa kwenye bahasha."

"Bahasha inasomwa na nani?"

Takwimu alivaa tena miwani.

"Haisomwi," alisema. "Tunaiweka tu, isije ikaharibu hesabu."

Kobe aliomba kuiona. Ilikuwa ya kaki, nene kama mkate. Akavua koti, akapiga magoti sakafuni, akaanza kupanga vikaratasi kwa namba za nyumba, kimoja kimoja, bila kusema. Takwimu alimtazama kwa dakika kumi, kisha naye akapiga magoti.

Saa moja baadaye vilikuwa vimelala mbele yao, vinane, safu mbili. Safu ya nyumba 52 ilisema: *Binti, miaka 12, yatima. Hayupo. Yuko kwa mjomba.* Mwezi wa tisa mwaka jana, wa kumi na mbili, wa tatu, wa sita. Safu ya nyumba 117, miezi ileile: *Binti, miaka 12, yatima. Hayupo. Yuko kwa shangazi.*

"Nilimfuta," Takwimu alisema polepole. "Mara nane."

Mezani palikuwa na kijitabu kipya kilichonukia wino. Kobe alikiinua, akasoma mstari uliokolezwa kwenye jalada: yatima wote wa eneo la utafiti wanaishi na ndugu wa karibu.

"Wote?"

"Wote waliohesabiwa."

Kobe alikirudisha mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha chombo cha mwenyewe.

Takwimu alibaki sakafuni. Halafu akainuka ghafla, akaenda kwenye kompyuta. "Nyumba hizi mbili nazikumbuka kwa jambo jingine. Tunapima uwezo wa nyumba kwa vitu vilivyomo. Sanduku la bati lina alama zake. Sasa tazama. Robo hii nyumba 52 inapanda kutoka duni hadi wastani, 117 inashuka. Robo inayofuata 117 inapanda, 52 inashuka. Kama watoto kwenye pembea. Nikadhani mwandishi wa ripoti anazipikia kwake, hatembei. Nilimwandikia barua ya onyo."

Kobe aliinamia kioo. Sanduku katika nyumba ya shangazi: moja, sifuri, moja, sifuri. Katika nyumba ya mjomba: sifuri, moja, sifuri, moja.

"Linahama kila miezi mitatu," alisema.

"Sanduku haliwezi kuhama lenyewe."

"Ndivyo nisemavyo. Ni la marehemu mama yake, shangazi ndiye aliyeniambia. Anakwenda nalo." Akaweka kidole kwenye kioo. "Mwezi wa sita mwaka jana liko kwa mjomba. Mwezi wa tisa haliko kokote."

"Labda liliuzwa."

"Likiuzwa, kuna aliyelinunua. Likitupwa, kuna aliyeliokota. Unaweza kuniulizia nyumba zote mia nne swali moja? Ni ipi iliyokuwa haina sanduku mwezi wa sita, na mwezi wa tisa ikawa nalo?"

Vidole vyake vilikimbia. "Kumi na moja."

"Kati ya hizo, ni ipi iliyoongeza na mtu?"

"Nne. Tatu wamezaa."

"Na ya nne?"

"Imeongeza mmoja kwenye safu ya 'wengine'. Asiye ndugu. Umri haukuandikwa." Aliinua macho kutoka kwenye kioo. "Nyumba 288. Namba nakupa, afande. Mlango siujui."

Kobe alipofika ngazini aligeuka. Takwimu alikuwa ameimwaga bahasha yote, akivioanisha vikaratasi vilivyobaki, midomo ikitikisika kama anayesali, au anayehesabu.

*

Afisa ustawi alikuwa na dawati chini ya ngazi, mahali ambapo ofisi nyingine zingeweka mafagio. Mji mzima ulimwita Kiguu-na-Njia. Kobe alimkuta akishona ukanda wa ndala yake kwa sindano ya gunia.

"Kama ni barua nyingine ya onyo, iweke hapo juu ya ile ya kwanza."

"Sina barua. Ulimwona lini mara ya mwisho yule binti wa nyumba 117?"

Hakuuliza binti yupi. "Mwezi wa sita mwaka jana. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu."

"Halafu?"

"Halafu nikaambiwa yuko kwa shangazi."

"Na kwa shangazi ukaambiwa yuko kwa mjomba. Ziara nne. Hukuona kitu?"

"Ni mitaa tofauti, afande. Namaliza mtaa, nafunga daftari lake, nafungua la mtaa mwingine. Nyumba kumi na nane kwa siku, kwa miguu hii." Alinyanyua mguu, kana kwamba ni kielelezo mahakamani. "Nikifika ya kumi na nane siulizi mtoto yuko wapi. Namwomba Mungu nisiambiwe kuna mwingine."

"Chuoni wanasema unapika ripoti. Sanduku linapanda na kushuka."

Hapo aliudhika. Aliiweka ndala chini, akavuta droo, akatoa madaftari manne yaliyofungwa kwa mpira. "Fomu ina nafasi ya tarakimu tu. Mimi huandika na kilichopo, kwa penseli, nisije nikaambiwa sikufika. Soma."

Kobe alisoma katika daftari la kwanza, nyumba 52: *Sanduku la bati, kijani, kifuniko kimebonyea kona, herufi mbili zimekwaruzwa kwa msumari.* Katika daftari la pili, nyumba 117, maneno yaleyale. Mwanamke huyu alikuwa ameliandika sanduku la mtoto huyo vizuri kuliko ndugu zake walivyomlea mwenyewe.

"Fungua nyumba 288."

"Hiyo ni siri ya watu."

"Mama, kesho kutwa jalada linafungwa. Likifungwa, siri hiyo itakuwa yako na yangu mpaka kaburini."

Alilifungua daftari la nne. Alisoma mistari miwili, akaacha. Kobe alizunguka dawati, akasoma juu ya bega lake. *Sanduku la bati, kijani, kifuniko kimebonyea kona.* Chini yake: *Wengine, 1. Mfuaji. Amenipa maji.*

"Hapakuwa na kiti," afisa ustawi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilikalia sanduku. Nikalikalia, nikaandika 'sanduku moja'."

"Na mtoto?"

"Alijifunga kitambaa kichwani, uso kwenye beseni. Nilimuuliza mwenye nyumba kama ni ndugu. Fomu inauliza hivyo tu. Akasema si ndugu." Alivaa ndala yake ambayo ilikuwa bado haijashonwa. "Twende."

*

Nyumba 288 ilikuwa kwa dobi, kwenye barabara ileile inayounganisha nyumba ya mjomba na ya shangazi. Kobe alipima kwa macho akajua: hapa palikuwa katikati hasa. Nje ya ukuta palikuwa na kivuli na jiwe pana, mahali ambapo mtu mwenye mzigo lazima autue.

Uani kamba zilikuwa zimejaa mashuka, na harufu ya wanga na moshi wa mkaa ilikaba koo. Mama Dobi, mwanamke mnene mwenye vidole vilivyopauka kwa sabuni, aliwapokea bila kuacha kukamua.

"Nguo za serikali hatufui kwa ahadi," alisema. "Mliniachia makoti sita mwaka juzi."

"Hatukuja na nguo. Tumekuja kwa ajili ya binti mwenye sanduku."

Mama Dobi aliacha kukamua. "Mmechelewa kweli."

Kisha shuka moja likasogea, na nyuma yake akaonekana msichana mrefu, mwembamba, akipiga pasi ya mkaa kwenye meza. Kando yake sanduku la kijani lilikuwa limebeba mrundo wa mashati yaliyokunjwa. Aliwatazama mara moja, akarudi kwenye kola.

"Alikuja mwaka jana, siku ya mwisho ya mwezi wa sita," Mama Dobi alisema. "Nakumbuka kwa sababu alipita mara tatu. Asubuhi anakwenda kule na sanduku kichwani. Mchana anarudi huku. Alasiri anakwenda tena, akaketi pale kwenye jiwe. Nikamwambia, mwanangu, utaota mizizi, ingia unywe maji. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe sina, nikampa pasi."

"Hukuwatafuta ndugu zake?"

"Niliwangoja. Mtoto akipotea hutafutwa, sivyo? Nikasema wakija nitawapa. Wiki, mwezi, Ramadhani ikaja, Krismasi ikaja. Wewe ndiye wa kwanza, afande, na wewe huna undugu naye."

"Na shule?"

Mama Dobi alirudi kwenye kukamua. "Mimi si baba yake wala mama yake," alisema. "Amekula. Amelala pakavu."

Kobe alimsogelea msichana. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za moto, mpya juu ya za zamani.

"Unaitwa nani?"

"Hapa wananiita Sanduku."

"Siku ile ilikuwaje?"

Aliiweka pasi juu ya kigae, kama fundi. "Mjomba alisema siku zangu tisini zimekwisha, niende kwa shangazi. Shangazi akasema miezi mitatu haijatimia, ni kesho, nirudi kwa mjomba. Nikarudi. Mjomba akasema yeye alishamaliza, hawezi kuongeza siku ya bure."

"Kwa hiyo ugomvi ulikuwa siku ngapi?"

"Moja."

Afisa ustawi aligeuza uso kwenye mashuka.

Kobe alielewa basi kwamba katika kesi yote hii hakukuwa na mwongo hata mmoja. Mjomba alimpeleka kwa shangazi na kweli akasema yuko kwa shangazi. Shangazi alimrudisha kwa mjomba na kweli akasema yuko kwa mjomba. Kila mmoja alishukuru zamu imepita, akaogopa kuuliza, asije akajibiwa. Sheria ina kifungu cha wanaoiba watoto. Alipekua kichwa chake chote, hakukumbuka kifungu cha hawa.

Akatoa simu, akaweka sauti kubwa. Shangazi aliitika upesi.

"Amepatikana, mama. Mzima."

"Mungu mkubwa." Alilia kidogo, na kilio kilikuwa cha kweli. Kisha akapenga kamasi. "Basi mpeleke kwa mjomba wake, afande. Ile ilikuwa bado zamu yake, mimi nilimrudisha kwake siku ileile."

Kobe alipiga namba ya pili.

"Si nilikwambia hajafa?" mjomba alisema. "Na shimo langu mtalifukia lini? Haya, tunashukuru. Lakini hapo alipo yuko kwenye zamu ya shangazi yake, na shangazi hajaitimiza hata siku moja. Akishaitimiza, milango yangu iko wazi."

Simu ilikatika.

"Mimi simfukuzi," Mama Dobi alisema bila kuinua kichwa. "Ila mtu wa kupiga pasi nitampata, kama mnamchukua."

Afisa ustawi alikuwa ametoa fomu mpya, akaijaza kwa wino, mstari baada ya mstari: umri, afya, elimu, hali ya mikono. Alifika kwenye mstari wa mwisho, ule unaouliza mtoto atalala wapi usiku wa leo. Kalamu ikasimama.

Msichana hakungoja kuambiwa. Alihamisha mashati, akafungua sanduku, akatia kanga moja, sare ya shule iliyomfika magotini zamani na sasa isingefika popote, na daftari. Akafunga, akaibana kona iliyobonyea kwa goti hadi kufuli likakubali. Alikunja kata ya kitambaa, akajitwika, akatoka hadi kwenye jiwe nje ya ukuta.

Kushoto barabara ilikwenda kwa mjomba. Kulia ilikwenda kwa shangazi.

"Leo ni zamu ya nani?" aliuliza, bila kinyongo, kama mtu anayeuliza saa.

Kobe alitazama kushoto. Akatazama kulia. Nyuma yake, afisa ustawi alikuwa bado ameshika kalamu juu ya mstari, na wino ulikuwa umeanza kufanya doa.